Hesabuni madoa ya kahawia kwenye miili ya watoto wenu: yaliyotukuta sisi hapa Moshi

mama_wa_Rau

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauweka kwa sababu jirani yangu amekuja na mwanawe wa mwaka mmoja, akamvua nguo sebuleni kwangu na kuniuliza kuhusu baka alilonalo mgongoni. Nikajikuta namweleza mambo ambayo mimi mwenyewe sikuelezwa na mtu kwa miaka minne. Ni mrefu, naomba mnivumilie.

Binti yangu wa pili alizaliwa na doa moja pajani. Lilikuwa bapa, laini, ukipitisha kidole hulihisi, kingo zake zimenyooka kama limechorwa. Mtu mweupe akiwa na doa la namna hii linafanana na kahawa iliyotiwa maziwa, na ndilo jina ambalo Wafaransa waliliita. Kwenye ngozi zetu linakuwa kahawia iliyokolea kuliko ngozi inayolizunguka, na ndani ya nyumba yenye taa hafifu unaweza usilione kabisa. Mama mkwe alipoliona siku ya kumwogesha alifurahi sana. Akasema, "Huyu ametoka na alama ya ukoo. Babu yenu alikuwa nayo." Kwetu mtoto akifanana na babu ni heshima, basi nami nikafurahi.

Kufikia mwaka mmoja madoa yalikuwa matano. Alipofika miaka mitatu sikuwa na hesabu tena, nilikuwa najua tu kwamba ana madoa. Kuna zahanati moja tuliambiwa ni fangasi, tukapewa dawa ya kupaka, tukapaka miezi mitatu na hakuna kilichobadilika. Rafiki yangu mmoja akanishauri nichanganye mkorogo kidogo tu "yafifie kabla hajaanza shule". Namshukuru Mungu sikufanya hivyo.

Kilichotupeleka hospitali kubwa hata hayakuwa madoa. Chekechea walimpima macho watoto wote kwa ile chati ya ukutani, mwalimu akaniambia jicho la kushoto linasuasua. Tukachukua barua ya rufaa, tukaenda kwa daktari wa macho, naye alipomwona mkononi na shingoni akaweka kalamu chini na kuniuliza: "Mama, mtoto ana mangapi ya haya?" Sikuwa na jibu. Akatuandikia twende kwa daktari wa ngozi kabla ya kitu kingine chochote.

Daktari wa ngozi alimsogeza dirishani kwenye mwanga wa jua, akamvua mpaka chupi, akachukua rula ndogo ya plastiki inayoona upande wa pili. Alipima moja moja. Kila lililozidi milimita 5 aliliwekea nukta ya kalamu pembeni ili asilihesabu mara mbili. Binti yangu alikuwa anacheka, anatekenywa. Yalifika kumi na moja. Kisha akamwinua mikono, akaangalia makwapa, na humo mlikuwa na vidoa vidogo vidogo vingi kama mtu amenyunyizia unga wa kahawa. Mimi nilikuwa nadhani ni joto. Daktari akaniambia kwapani jua halifiki, kwa hiyo vidoa vya namna hiyo mahali pale vina maana yake.

Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akamgeukia mume wangu aliyekuwa amekaa kimya kwenye benchi, akamwambia kwa upole, "Baba, samahani, naomba na wewe uvue shati."

Miaka kumi na moja ya ndoa, wakuu. Vile vinundu vya mgongoni na kifuani kwa mume wangu nimevijua siku zote. Ni laini, ukikibonyeza kimoja kinazama ndani kama kitufe, ukikiachia kinarudi. Havimuumi. Anasema vilianza akiwa kidato cha pili. Daktari akavigusa viwili vitatu, akamwangalia kwapani, akamtazama na machoni kwa karibu. Akatuambia jina: neurofibromatosi aina ya 1, kwa kifupi NF1. Ni ugonjwa wa kurithi. Na babu mwenye "alama ya ukoo", ambaye kijijini walisema amerogwa kwa sababu alizeeka amejaa vinundu mwili mzima, alikuwa nao pia.

Mama mkwe alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Alama ilikuwa ya ukoo kweli, ila hakuna aliyetuambia tuifuatilie.

Nitaendelea, acha nimlaze mtoto.

Kihamba

Pole sana dada. Endelea, tunakusoma. Mimi nina mtoto wa miezi kumi na nne ana baka tumboni na jingine mguuni. Sasa nimeingiwa na hofu. Kila baka ni ugonjwa huo?

mama_wa_Rau

Hapana, na hili ndilo nataka lisomwe na watu wote kabla hawajakimbia usiku kupanga foleni. Doa moja au mawili ni jambo la kawaida kabisa. Watu wengi wazima walio salama wanayo, na kwetu Waafrika hupatikana zaidi kuliko kwa Wazungu. Doa lenyewe haliumi, haliambukizi, haligeuki kuwa saratani. Angalia idadi na ukubwa. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, madoa sita au zaidi, kila moja likizidi milimita 5, hapo ndipo daktari anatakiwa amwone. Punje ya pilipili manga ina karibu upana huo. Aliyekwisha kubalehe kipimo kinapanda hadi milimita 15, karibu upana wa kucha ya kidole gumba, kwa sababu madoa hukua pamoja na mwili.

tabibu_wa_zamu

Habari wakuu. Mimi ni tabibu, ngozi ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mleta uzi ameeleza vizuri kuliko wengi wetu tunavyoeleza wodini. Naongeza machache.

Madoa peke yake hayatoshi kusema mtu ana NF1. Kuna orodha ya dalili iliyowekwa mwaka 1987 na kufanyiwa marekebisho 2021, na mtu anahitaji mbili: madoa sita, vidoa vya kwapani au kwenye kinena, vinundu vya neva viwili au kimoja kikubwa kilichosambaa, vinundu vidogo vya rangi ndani ya jicho kwenye ile duara inayozunguka mboni, uvimbe kwenye neva ya kuona, mifupa ya aina fulani iliyopinda au kuwa na kasoro, au kipimo cha jeni. Kama mzazi mmoja anao, kwa mtoto dalili moja inatosha. Ndiyo maana yule daktari alimwomba baba avue shati. Hakuwa na lengo la kumwaibisha. Kifua cha mzazi kilimpa jibu ambalo kipimo cha damu cha gharama kubwa kingelitafuta kwa wiki kadhaa.

Dalili haziji siku moja. Madoa hutangulia, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Vidoa vya kwapani hufuata miaka ya mitatu hadi mitano. Vya machoni baadaye kidogo. Vinundu vya ngozi kwa kawaida husubiri balehe, na kwa akina mama huongezeka wakati wa ujauzito. Kwa hiyo mtoto mchanga mwenye madoa saba na hana kingine chochote, usimwambie mama "hana kitu" wala "ana NF1". Mwambie arudi.

Kuna hali nyingine zinazofanana. Iko inayoitwa Legius, ina madoa na vidoa vya kwapani vilevile lakini haileti vinundu wala uvimbe wa macho. Iko McCune-Albright: hapo madoa ni makubwa, kingo zimechongokachongoka kama ramani ya pwani, mara nyingi yako upande mmoja na kukomea katikati ya mwili, na mtoto anaweza kuota matiti au kupata damu ya mwezi akiwa mdogo mno, na mifupa yake ni dhaifu. Hiyo hairithiwi.

Halafu kuna yale yasiyohusika kabisa ambayo watu huyachanganya. Fangasi hubanduka magamba ukikwaruza kwa kucha. Makovu ya upele au kuungua yana historia, mtoto alikuwa na kidonda hapo kwanza. Bluu ya makalioni na kiunoni kwa watoto wachanga wa Kiafrika ni kitu kingine, huondoka yenyewe miaka ya mwanzo. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona dada wa kazi akituhumiwa kumpiga mtoto kumbe ni rangi ya kuzaliwa. Na doa lililo jeupe kuliko ngozi, ambalo ukiligusa kwa pamba mtu hahisi, huyo msimpeleke kwenye habari za NF1, mpelekeni akapimwe ukoma mara moja. Unatibika na dawa ni bure.

Njia_Panda

Mama yangu anasema haya mabaka yanatokana na mama mjamzito kutamani chakula asikipate kisha akajishika mwili. Pale aliposhika ndipo mtoto anapotokea na alama. Kuna ukweli?

mama_wa_Rau

Hata mimi niliambiwa hivyo, na kwa miezi kadhaa nilijilaumu kwa ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ambayo sikuila kwenye harusi ya shemeji. Nisikilize vizuri, wewe na kila mama anayesoma hapa: hukufanya kitu.

Ngoja nieleze kama daktari alivyomweleza mume wangu, maana mume wangu ni fundi magari na tangu alipovua shati alikuwa hasemi neno. Daktari alimuuliza, "Unafanya kazi gani?" Akajibu, "Gereji." Akamwambia, basi utanielewa. Katika kila chembe ya mwili kuna jeni iliyo kwenye kromosomu ya 17, kazi yake ni kutengeneza protini inayoitwa neurofibromini, na protini hiyo ni breki. Inazuia chembe isikue na kugawanyika ovyo. Kila mtu amepewa breki mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wewe, baba, umezaliwa na moja mbovu, tangu kiwandani. Gari linatembea, kwa sababu ile nyingine inashika. Lakini chembe ni nyingi mno, na hapa na pale ile ya pili nayo inakatika. Ikikatika kwenye chembe inayotengeneza rangi ya ngozi, unapata doa. Ikikatika kwenye chembe inayofunika neva, unapata kinundu.

Mume wangu akauliza swali lake la kwanza siku ile: "Na mtoto alipewa ipi?" Daktari akasema ni kama kurusha shilingi, kila mimba peke yake. Nusu kwa nusu. Kaka yake mkubwa wa miaka tisa tulimvua nguo jioni ileile nyumbani, tukamzungusha dirishani, hana hata moja. Daktari alisema kwa umri huo bila doa, karibu ni hakika hakurithi.

Tulipokuwa kwenye hiace kurudi Rau mume wangu alisema, "Nimempa mwanangu ugonjwa." Nilimshika mkono mpaka tunashuka. Sikuwa na neno la kumwambia, na mpaka leo naona nilifanya vizuri kutosema neno.

Mtumishi_wa_Bwana

Dada, usikubali hiyo laana ya ukoo. Haya ni mambo ya madhabahu za mababu, yavunjwe kwa maombi. Jeni haina nguvu mbele za Mungu.

mama_wa_Rau

Mtumishi, nakushukuru, na maombi tunaomba, kila usiku. Ila neno laana naomba usiliweke juu ya mwanangu. Babu yake aliishi miaka ya mwisho akiwa peke yake kwenye nyumba ya chini kwa sababu ya neno hilo. Hakuna aliyekula naye sahani moja. Alikuwa na ugonjwa usioambukiza hata kidogo. Isitoshe, nusu ya wanaougua NF1 duniani hawana mzazi mwenye nao, jeni imeharibika kwao kwa mara ya kwanza. Hao utasema ni laana ya ukoo gani?

dereva_Sakina

Nimesoma toka mwanzo nikiwa nimepaki gari hapa Sakina, Arusha. Sijawahi kuandika kwenye jukwaa hili kuhusu hali yangu. Leo naandika.

Mimi ninao. Nina miaka 38. Vinundu viko usoni, shingoni, mikononi, kila mahali, siwezi kuvihesabu. Cheti changu cha zamani kimeandikwa "von Recklinghausen", jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1882, na kwa miaka hakuna aliyenifafanulia zaidi ya hapo. Nilipewa jina gumu na dawa ya maumivu.

Nataka wenye watoto wajue maisha yenyewe yako vipi. Mwili wangu una nguvu, nafanya kazi ya kuendesha toka nina miaka 22. Kinachouma ni watu. Abiria anafungua mlango wa mbele, ananiona, anafunga, anaenda nyuma. Nimeshazoea kuweka risiti na chenji kwenye dashibodi badala ya kumpa mtu mkononi, kwa sababu nimechoka kuona mkono unarudi nyuma. Shuleni nilirudia darasa la tatu na la tano. Sikuwa mvivu. Herufi zilikuwa zinanichanganya na nilikuwa siwezi kutulia, nikachapwa sana kwa hilo.

Vinundu viwili kiunoni vilikuwa vinakatwa na mkanda, nilivitoa kwa upasuaji mdogo, vikapona vizuri. Kijijini kwetu kuna aliyefunga kinundu chake kwa uzi mpaka kikatika, akatoka damu nyingi nusura apoteze maisha. Msithubutu. Miaka miwili iliyopita kimoja cha ndani ya paja kikaanza kukua haraka na kuniuma hata usiku nikiwa nimelala. Nilikaa nacho miezi minne kabla ya kwenda, nikidhani ni kiti. Wakakata kipande wakapima, namshukuru Mungu hakikuwa kibaya. Lakini daktari alinikemea kwa ile miezi minne.

tabibu_wa_zamu

Dereva, asante kwa kuandika, na alikukemea kwa sababu. Vinundu vya juu ya ngozi havigeuki saratani. Vile vya ndani, vinavyofuata neva kubwa, baadhi yake vinaweza, na katika maisha yote hatari hiyo kwa mwenye NF1 ni karibu mtu mmoja kati ya kumi. Kinachokua ghafla, kinachouma bila kuguswa, kilichokuwa laini kikawa kigumu, au mkono au mguu unaoanza kulegea, hicho hakisubiri mwisho wa mwezi. Na presha, wewe na baba wa huyo mtoto, mpimwe kila mwaka hata mkijisikia wazima, maana NF1 inaweza kubana mshipa wa figo au kuota uvimbe juu ya figo unaopandisha presha kwa vipindi, na kichwa kugonga, jasho na moyo kwenda mbio. Mkienda kwa daktari yeyote kwa jambo lolote, semeni kwanza kwamba mna NF1.

Akina mama wenye nayo nao waanze uchunguzi wa matiti mapema kuliko wengine, kuanzia miaka 30.

mwalimu_Ngaramtoni

Dereva, mimi ni mwalimu wa darasa la tatu Ngaramtoni. Nimesoma hapo uliposema ulichapwa na nimeshindwa kuendelea kusahihisha madaftari. Darasani kwangu kuna mtoto mwenye madoa kama haya, nimeyaona michezoni. Anajua hesabu za kichwa lakini kunakili ubaoni ni vita. Ina uhusiano?

tabibu_wa_zamu

Inaweza kuwa nao, mwalimu. Karibu nusu ya watoto wenye NF1 wana shida ya kujifunza au kutulia, huku akili yao ikiwa ya kawaida. Mkalishe mbele, mpe muda, na zungumza na mzazi faraghani. Hali hiyo si ya kutangazwa mbele ya watoto wengine.

mwalimu_Ngaramtoni

Nitamwita mama yake Jumatatu. Sitaongea naye kwa simu.

Kihamba

Swali kwa mleta uzi. Jicho la mtoto liliishia wapi? Na huko Moshi mlienda wapi, maana wengine tuko mbali na Dar.

mama_wa_Rau

Kuhusu wapi: watu wa Kaskazini hatuna sababu ya kukimbilia Dar kwa hili. KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda, na hapohapo kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Ndiko yalikoanzia mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua ndugu zetu wenye ualbino. Idara ya macho ipo, na ya watoto ipo. Aliye Arusha aanzie hospitali ya mkoa, Mount Meru, achukue barua ya rufaa. Ukija bila barua utazungushwa bure.

Kuhusu jicho. Kwa mtoto mwenye NF1 wanachoogopa ni uvimbe kwenye neva inayotoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Kwa kawaida hutokea kabla ya miaka saba, na mtoto mdogo hakwambii kwamba haoni. Anadhani kila mtu anaona hivyo. Ndiyo maana wanasema apimwe macho kila mwaka kipindi hiki. Dalili za kuangalia nyumbani ni makengeza yaliyoanza ghafla, jicho linalotokeza, au mtoto anayeinamisha kichwa kutazama televisheni.

Walimdondoshea dawa ya kupanua mboni, wakamkalisha kwenye ile mashine ya kuegemeza kidevu. Alikaa kwenye mapaja ya baba yake kwa sababu hakufikia. Nilihesabu matofali ya sakafu mpaka mwisho wa chumba na kurudi. Baadaye walimpiga picha ya MRI. Neva iko salama. Jicho lilikuwa linahitaji miwani tu, tatizo la kawaida lisilohusiana na madoa. Fikirini hilo: lisingekuwa jicho ambalo halikuhusika, tungekuwa bado tunapaka dawa ya fangasi.

Kuna watoto ambao uvimbe huo wanao na hawapewi tiba yoyote, wanafuatiliwa tu, kwa sababu wengi haukui. Na kuna dawa ya vidonge inaitwa selumetinibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa watoto wenye vile vinundu vikubwa vilivyosambaa visivyofanyika upasuaji. Niliiuliza. Daktari alisema binti yangu haihitaji, na bei yake ni ya kutisha. Nimeiandika ili mwenye mtoto anayeihitaji ajue jina la kuuliza.

Njia_Panda

Na madoa yenyewe yanatolewa vipi? Binti akikua atayachukia.

mama_wa_Rau

Hayatolewi kwa cream yoyote, na mkorogo una zebaki na dawa kali zinazochuna ngozi na kuharibu figo. Mwanga wa leza hujaribiwa nchi nyingine, na madoa mara nyingi hurudi. Kwa hiyo sisi tumeamua kuyazoea hadharani. Binti yangu ameyapa majina. La pajani, lile la kwanza, linaitwa Babu.

Mama mkwe alipoelezwa yote alikaa kimya muda mrefu, anachambua maharage. Kisha akasema, "Kumbe hakurogwa." Jumapili iliyofuata alikwenda kwenye kaburi la mumewe kihambani, shamba la ukoo, akang'oa majani yote yaliyoota pale kwa mkono, bila jembe. Hatukumfuata. Baadaye ndiye aliyewapigia simu watoto wake wote, wa Rombo na wa Mwanza, akawaambia wavue nguo wajikague wao na wajukuu. Wawili wamejikuta nao. Mmoja, wa Mwanza, ana mtoto wa miezi mitano mwenye mguu uliopinda chini ya goti, walikuwa wanasubiri atembee ndipo waone kama utanyooka.

tabibu_wa_zamu

Huyo wa mguu asisubiri kutembea. Mfupa wa muundi uliopinda kwa mtoto mwenye NF1 ukivunjika ni mgumu sana kuunga. Anatakiwa awekewe kifaa cha kuukinga mapema. Aende kwa wataalamu wa mifupa wiki hii.

mama_wa_Rau

Nimempigia sasa hivi. Wanapanda basi kesho alfajiri.

dereva_Sakina

Wakitokea Mwanza watapita Arusha. Niandikie pembeni muda wa kufika, nitawapokea stendi niwapeleke mpaka Moshi. Sihitaji nauli. Na ningependa huyo baba wa mtoto aketi mbele na mimi, tuongee.

Kihamba

Nimerudi. Nimemtoa mtoto nje kwenye jua la asubuhi, nimemvua kila kitu, nimechukua rula ya shule ya dada yake. Tumboni milimita 9. Mguuni milimita 12. Nyuma ya goti nimekuta jingine sikuwahi kuliona, milimita 6. Begani kidogo sana, 3. Kwa hiyo makubwa ni matatu. Nimevua na mimi, nimemvua na mama yake. Hatuna kitu.

mama_wa_Rau

Matatu si sita. Mpeleke kliniki mwezi wa kupima uzito kama kawaida, waonyeshe, waandike kwenye kadi kwa milimita na tarehe. Akitimiza miaka miwili hesabu tena. Usisahau kichwani kwenye nywele na kati ya makalio, mimi huko ndiko nilikokosa mawili.

Kihamba

Nimeangalia kichwani. Hakuna. Makalioni ngoja aamke.